Kwa nini virusi vingine hubadilika upesi na vingine hubaki vilevile miaka nenda miaka rudi

Mwezi Juni 2021, siku chache tu baada ya sherehe za Madaraka kufanyika Kisumu, jina Delta lilikuwa mdomoni mwa kila mtu huku kwetu. Aina hiyo ya virusi vya korona, iliyotambuliwa kwanza nchini India, ilikuwa imeingia Kisumu, na tarehe 18 serikali ikaziwekea kaunti 13 za ukanda wa ziwa na majirani zake kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Swali lililoulizwa wakati huo ndani ya matatu na sokoni Kibuye halijaisha hadi leo. Mbona korona ilikuwa mara Alpha, mara Delta, mara Omicron, ilhali surua ya enzi za nyanya ndiyo hiyohiyo anayochanjwa mjukuu wake? Wapo waliojijibu kwamba virusi vinavyobadilika ni vya kutengenezwa maabara. Wengine wakasema ni chanjo zinazovichokoza. Mpox, ugonjwa ulioitwa zamani ndui ya nyani, ilipoingia Kenya mwaka 2024, maelezo yayo hayo yakaanza kuzunguka upya.

Mkanganyiko mwingi hapa unatokana na kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni mara ngapi kirusi hukosewa kinaponakiliwa. La pili ni makosa yapi kati ya hayo hubaki hai na kuenea. Kirusi kinaweza kukosewa maelfu ya mara kila siku na bado, kwa yale yanayotuhusu mimi na wewe, kisibadilike hata kidogo. Surua ndivyo ilivyo.

Tuanze na kirusi chenyewe. Kirusi ni maelekezo ya kijeni yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi huwa na utando wa mafuta juu yake. Hakili, hakipumui, na tofauti na bakteria hakiwezi kuzaana peke yake. Hadi kiingie ndani ya seli, iwe ya mtu, ya ng'ombe au ya muhogo, ndipo hutumia vilivyomo humo kutoa nakala zake. Maelekezo hayo huandikwa kwa kemikali za aina nne, ambazo wanasayansi huziita herufi. Polio ina herufi kama 7,500, virusi vya ukimwi kama 9,700, mafua kama 13,500, surua kama 16,000, korona kama 30,000, na mpox kama 197,000. Urefu huu una maana yake, tutaona hivi punde.

Mgeuko ni herufi kukosewa wakati wa kunakili. Moja huandikwa mahali pa nyingine, hurukwa, au huongezwa. Hakuna uamuzi wowote hapo. Tunaposema "kirusi kimejibadilisha ili kikwepe dawa," tunakipa akili ambayo hakina. Kosa hutokea kwanza, kibahati tu, na mazingira ndiyo huamua kama nakala yenye kosa hilo itadumu au itapotea.

Mfikirie katibu wa chama anayenakili daftari la michango kwa mkono. Ana daftari moja tu, hana wa kumsomea, na watu wanasubiri. 500 ikiwa 5,000, hakuna atakayegundua, na atakayenakili kutoka kwake ataliendeleza kosa lilelile. Katibu wa chama cha jirani ana daftari pamoja na nakala iliyo kwa mweka hazina, na kila anapomaliza mstari hurudi kuulinganisha kabla ya kuendelea. Huyu pia atakosea, lakini kwa nadra sana.

Katibu wa kwanza ni virusi vya RNA, yaani vile ambavyo maelekezo yake yameandikwa kwa kemikali iitwayo RNA: mafua, surua, polio, virusi vya ukimwi, kichaa cha mbwa, Ebola. Maelekezo yake kwa kawaida yamo kwenye uzi mmoja, na kimeng'enya, yaani protini, kinachonakili uzi huo hakina uwezo wa kurudi nyuma kusahihisha. Wa pili ni virusi vya DNA kama ndui, mpox na hepesi, ambavyo maelekezo yake yamo kwenye nyuzi mbili zinazolingana, na kimeng'enya chake huling'oa kosa na kuliandika upya. Tofauti yake ni kubwa mno. Virusi vya RNA hukosewa takriban mara moja kwa kila herufi 10,000 hadi 1,000,000 zinazonakiliwa. Vile vya DNA hukosewa mara moja kwa kila herufi milioni moja hadi milioni 100.

Sasa ule urefu. Mwenye herufi 10,000 akikosewa mara moja kwa kila herufi 10,000, kila nakala huwa na kosa moja hivi, na bado anaweza kuishi. Mwenye herufi 200,000 akinakiliwa kwa ovyo kiasi hicho, kila nakala itakuwa na makosa 20, na kwa kuwa makosa mengi huharibu, ukoo wake utakatika upesi. Ndiyo maana virusi vya RNA karibu vyote ni vifupi. Korona ni mrefu kupita kawaida kwa kirusi cha RNA, na ina kitu ambacho wenzake wengi hawana: kimeng'enya cha kusahihisha makosa. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba korona, iliyotutesa kwa aina mpya baada ya nyingine, hukosewa mara chache kuliko mafua. Ndivyo ilivyo. Katika kuenea kwake ilikusanya mabadiliko kama mawili tu kwa mwezi.

Kwa virusi vya RNA, kwa hiyo, makosa yana faida hadi kiwango fulani, kisha huanza kuua. Dawa ya molnupiravir iliyotumika dhidi ya korona ilitengenezwa kwa msingi huo: huingizwa ndani ya herufi za kirusi na kuzidisha makosa hadi nakala zishindwe kufanya kazi. Na upande wa pili nao una ushahidi wake. Watafiti Marekani walipata polio yenye mgeuko mmoja unaoifanya inakiliwe kwa usahihi zaidi. Ungedhani usahihi ungeipa nguvu, lakini ndani ya panya ilikuwa dhaifu kuliko polio ya kawaida, kwa sababu nakala zake zilifanana mno na hazikuweza kuzoea sehemu mbalimbali za mwili.

Kama Delta haikutokana na korona kukosewa sana, ilitoka wapi? Kwenye wingi. Kosa hutokea wakati wa kunakili tu. Mtu mmoja mwenye korona hubeba virusi mabilioni anapozidiwa, na mwaka 2020 walioambukizwa walikuwa mamilioni kwa mamilioni, wengi wao hawajawahi kukutana na kirusi hicho. Hata kinachokosewa mara chache, kikinakiliwa mara nyingi kiasi hicho, makosa yake hujaa tele. Kuna pia wagonjwa ambao kinga zao ni dhaifu na hukaa na korona mwilini kwa miezi. Ndani ya mtu kama huyo makosa hujikusanya juu ya makosa, na watafiti wengi wanashuku kwamba Omicron, iliyoripotiwa kusini mwa Afrika Novemba 2021 ikiwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini yake ya nje, ilianzia kwa hali ya namna hiyo.

Hapa ndipo nataka tuyamalize yale ya chanjo kuchokoza virusi, kwa sababu yamewafanya wazazi wengine wasite kuwapeleka watoto kliniki. Angalia tarehe. Sampuli za mwanzo kabisa za Delta ni za Oktoba 2020. India ilianza kuchanja Januari 2021, na Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza Machi 2021. Alpha nayo ilipatikana katika sampuli za Septemba 2020 nchini Uingereza, kabla ya nchi hiyo kuanza kuchanja Desemba. Kuna chembe ya ukweli iliyopotoshwa, nayo ni kwamba kinga huchuja: nakala inayoweza kuikwepa hupata nafasi ya kuenea kuliko zingine. Lakini kinga ya aliyeugua huchuja vilevile, na huyo kabla hajaipata kinga hiyo amekwisha kukipa kirusi mabilioni ya nafasi za kunakiliwa. Aliyechanjwa, hata akiambukizwa, kwa kawaida hukimaliza mapema. Nakala chache, makosa machache.

Sasa surua, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi ya habari hii. Surua, au ukambi kama wengi wanavyouita, ni kirusi cha RNA. Hakina kisahihishi. Hukosewa kwa kasi inayokaribiana na ya mafua. Kwa hesabu ya makosa peke yake, tungehitaji chanjo mpya ya surua kila baada ya miaka michache. Badala yake, chanjo nyingi za surua duniani zinatokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mtoto mmoja Marekani mwaka 1954, na zimekuwa zikitumika tangu 1963. Mtoto anayechomwa sindano leo Ahero au Mumias, akiwa na miezi 9 kisha 18, anakingwa na surua ya popote duniani.

Sababu ni zile sehemu za kirusi ambazo kingamwili zetu, yaani protini za kinga zinazonasa virusi, huzitambua. Kwa surua, protini za nje zinazotambuliwa ndizo hizohizo zinazoshika seli na kufungua njia ya kuingia, na umbo lake halina nafasi ya kuchezewa. Herufi ikikosewa hapo, mara nyingi kirusi hakiwezi tena kuingia ndani ya seli, basi kinaishia hapo. Makosa yanatokea kila siku ndani ya watoto wanaougua, ila yale ambayo yangekiwezesha kukwepa kinga ndiyo hayohayo yanayokilemaza. Homa ya manjano iko hivyohivyo. Ni kirusi cha RNA, na chanjo yake ya mwaka 1937 bado ndiyo tunayotumia.

Mafua ni kinyume. Protini yake ya nje inayotambuliwa na kingamwili hustahimili kubadilishwa herufi nyingi na bado ikaendelea kushika seli. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuamua aina zipi ziwekwe kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Mafua yana njia nyingine ya ziada: herufi zake zimegawanywa katika vipande 8 vilivyo mbalimbali. Aina mbili zikiingia seli moja, tuseme ya nguruwe, zinaweza kutoka zimebadilishana vipande vizima. Milipuko mikubwa ya 1957, 1968 na 2009 ilitokana na kuchanganyika kwa namna hiyo.

Kwa hiyo ukisikia surua imelipuka mahali fulani, usiende mbali kutafuta surua mpya. Tafuta watoto waliokosa sindano, hasa ile ya pili ambayo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na haonekani kuwa na shida.

Kuna imani mbili zaidi ambazo hupingana, na zote hazisimami. Moja inasema kila virusi vinapobadilika huwa vikali zaidi. Nyingine, ambayo hata watu waliosoma huirudia, inasema virusi hupoa kadiri miaka inavyopita. Mabadiliko mengi hayana athari yoyote, na mengi ya yaliyobaki hukidhuru kirusi chenyewe. Linaloenea ni lile linalokisaidia kufika kwa mtu mwingine, na hilo laweza kwenda sambamba na ukali au lisiende. Delta ilienea haraka kuliko Alpha na ililaza watu wengi zaidi hospitalini. Omicron ilienea haraka zaidi ya Delta, na kwa wengi haikuwa kali hivyo. Hakuna kanuni ya kuegemea hapo.

Mpox ilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwisho wa Julai 2024, kwenye mpaka wa Taveta. Baadaye Nakuru na Busia zikawa miongoni mwa kaunti zilizoripoti wagonjwa, jambo lisiloshangaza kwa sababu barabara kuu ya malori ya kwenda Uganda hupitia humo. Mpox ni kirusi cha DNA, kirefu, chenye kisahihishi. Virusi vya jamii yake hutarajiwa kupata badiliko chini ya moja kwa mwaka. Lakini vile vilivyokuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu vilionekana kupata kama sita, na wanasayansi wakashtuka. Walipozisoma herufi kwa karibu, waliona jambo moja likijirudia: mahali palipokuwa na herufi TC, sasa pana TT. Makosa ya kawaida ya kunakili hutawanyika ovyo, hayafuati mpangilio namna hiyo. Hizo zilikuwa alama za vimeng'enya vya mwili wa binadamu, vinavyoitwa APOBEC3, ambavyo kazi yake ni kuvuruga DNA ya virusi kwa kubadilisha herufi C. Mwili ulikuwa ukipigana, na virusi vilivyonusurika vikatoka na makovu. Alama hizo pia ziliwapa watafiti ushahidi kwamba mpox haikuwa ikiruka kutoka kwa wanyama kila mara, bali ilikuwa imekaa ndani ya watu kwa muda. Na pamoja na hayo yote, chanjo zilizotengenezwa kutokana na ndugu wa ndui bado zinaikinga. Herufi zimebadilika, lakini kwa kinga zetu kirusi ni kilekile.

Kanuni ya DNA polepole, RNA haraka, ina wavunjaji wengine, na mmoja wao amewahi kutuharibia chakula huku Magharibi. Ingia shamba la muhogo Busia au Teso penye ugonjwa wa batobato. Jani lililotakiwa kuwa bapa na kijani kibichi limejikunja, upande mmoja umepungua, na lina mabaka ya manjano yasiyo na mpangilio. Ligeuze, utaona nzi weupe wadogo wakirushwa na pumzi yako. Hao ndio hubeba virusi kutoka mmea hadi mmea, na mkulima naye hukamilisha safari anapokata vipande vya shina lililougua na kupanda msimu unaofuata.

Virusi vya batobato ni vya DNA, ila DNA yake ina uzi mmoja tu, umefungwa kama duara, herufi kama 2,800 kwa kila duara na maduara mawili. Vipimo vilionyesha kwamba hubadilika kwa kasi inayokaribia ya virusi vya RNA. Tena vina desturi ya kuchanganyika. Mkasa ulioanzia Uganda na kuingia Magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 uliletwa na kirusi kilichozaliwa na aina mbili zilizokutana ndani ya mmea mmoja: sehemu kubwa ni ya aina ya Afrika Mashariki, na katikati ya jeni (sehemu ya maelekezo) ya ganda lake pamepachikwa kipande kutoka kwa aina nyingine ya Afrika. Mihogo ya kienyeji ilikauka mashambani, watu wakaacha kupanda, hadi mbegu zinazostahimili kama Migyera zilipoanza kusambazwa. Mkulima aliyeambiwa "ugonjwa ni uleule wa zamani" na akaona shamba lake likiisha alikuwa na haki ya kushuku. Haukuwa uleule.

Nimeacha virusi vya ukimwi mwisho kwa sababu huku kando ya ziwa, Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori, hakuna familia ambayo jambo hili haliigusi, na kwa sababu hapa ufahamu wa migeuko hubadilisha anachofanya mtu asubuhi. Kirusi hiki kina kila kitu cha kukiharakisha. Huanza kama RNA, hugeuzwa kuwa DNA ndani ya seli, na kimeng'enya kinachofanya ugeuzaji huo hukosea takriban mara moja kwa kila herufi 30,000. Kwa kirusi cha herufi 9,700, hiyo ni nakala moja katika kila tatu yenye kosa. Mwili wa mtu asiyetumia dawa hutoa virusi takriban bilioni 10 kwa siku. Piga hesabu: karibu kila badiliko la herufi moja linaloweza kufikirika hutokea kila siku, na zaidi ya mara moja. Protini yake ya nje, tofauti na ya surua, hukubali kubadilishwa na imefunikwa na sukari nyingi zinazozuia kingamwili. Ndiyo sababu kubwa hatujapata chanjo.

Dawa ya ukimwi iitwayo lamivudine inaonyesha jinsi herufi moja inavyoweza kutosha. Kuna mahali kwenye jeni ya kimeng'enya kile, nafasi ya 184, palipo na herufi ATG. A ikikosewa ikawa G, neno linakuwa GTG, umbo la kimeng'enya linabadilika kidogo mno, na lamivudine haifanyi tena kazi yake inavyotakiwa. Herufi moja tu, na tumeona kwamba herufi moja hukosewa kila siku. Kwa hiyo mtu akipewa lamivudine peke yake, kirusi kinachoistahimili kimeshakuwemo mwilini kabla hajameza kidonge cha kwanza. Hilo ndilo lililowapata waliotibiwa kwa dawa moja moja tangu AZT, dawa ya kwanza ya ukimwi, ilipoidhinishwa mwaka 1987. Mwaka 1996 matibabu ya dawa tatu kwa pamoja yakaanza kuonyesha maajabu yake, na siri yake ni hesabu hiyohiyo ikigeuzwa. Nakala moja kuwa na kosa moja linalofaa ni rahisi. Nakala ileile kuwa na makosa yote yanayohitajika kuzikwepa tatu kwa mpigo ni jambo ambalo karibu halitokei. Kidonge kimoja kinachotumiwa na wengi Kenya leo kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir ndani yake.

Kinachofanya mpango huo uharibike ni dawa kupungua mwilini bila kwisha. Virusi vinaanza tena kunakiliwa, dawa iliyobaki ni hafifu, haiwezi kuvizima lakini inatosha kuchuja, na hatua kwa hatua nakala zenye kustahimili zinajikusanya. Dawa zikiwa kamili mwilini kila siku, hali ni nyingine: kunakiliwa husimama, virusi vinavyobaki hujificha ndani ya seli zilizolala, na visiponakiliwa havikosewi. Kipimo cha wingi wa virusi kikirudi kimeonyesha kwamba haviwezi kuhesabika, maana yake ni kwamba kile kirusi kinachobadilika haraka kuliko karibu vyote tunavyovijua kimesimamishwa mahali kilipo.

Kwa hiyo anayeenda msibani ushago wiki mbili, au mvuvi anayehamia visiwa vya Remba au Mfangano kufuata samaki, aende kliniki kabla ya safari na aseme wazi atakaa muda gani. Vituo huwapa walio na hali nzuri dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja, na anayehama anaweza kuombewa nafasi katika kituo cha karibu na anakoenda. Aliyekwisha ruka siku kadhaa asijifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Arudi, aseme, apimwe wingi wa virusi, na aendelee na kidonge chake.